Zana Zimeshuka Bei, Vyuo Visisingizie Gharama

Bidhaa chache zimeporomoka bei kama zana za kutengenezea programu za kompyuta. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ya Marekani ilipoingiza sokoni Turbo Pascal kwa dola 49.95, bei hiyo ilionekana ya kutupa, maana zana nyingine za aina hiyo ziliuzwa kwa mamia ya dola. Leo mwanafunzi hupata bure Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na Eclipse, ambayo IBM iliitoa kwa umma mwaka 2001.

Kwa hiyo chuo kinachofundisha uhandisi wa programu kwa ubao na chaki, kisha kutahini kwa karatasi, hakiwezi tena kusingizia gharama. Wala intaneti si kisingizio kikubwa. Kila nakala ya Git hubeba historia nzima ya kazi, na kompyuta moja kuukuu ndani ya maabara yatosha kuwa ghala la darasa zima.

Hasara humwangukia mwajiri. Humchukua kijana mwenye cheti kizuri, kumbe hajawahi kurekebisha programu iliyoandikwa na mwingine, kuunganisha kazi yake na ya wenzake, wala kuijaribu kabla ya kuikabidhi. Miezi ya kumfundisha upya hulipwa na kampuni. Kampuni isiyo na uwezo huo humwacha kijana mitaani.

Kupuuza majaribio kuna bei yake. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka kabla ya kutimiza dakika moja angani. Sehemu ya programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilipewa namba kubwa kuliko nafasi yake, na haikuwa imejaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya.

Wako walimu wanaohofu kwamba zana nyingi zitamchanganya anayeanza. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana BlueJ ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Monash, Australia, mwishoni mwa miaka ya 1990, ikiwa nyepesi kwa wanaoanza kujifunza Java. Dawa ni kupanga hatua, si kuziacha zana.

Kinachotakiwa si fedha nyingi. Nusu ya alama zitokane na kazi ya kikundi ya muhula mzima, ambayo kumbukumbu zake zinaonyesha nani alifanya nini na lini. Mwajiri akiziona hizo, atajua anamwajiri nani.