Kugawa Nguvu Katika Mashindano

Siku ya michezo ifikapo, watoto hupangwa mstarini, na filimbi ikilia huonekana jambo lile lile kila mwaka. Mmoja huchomoka kama mshale, akawaacha wenzake hatua ishirini nyuma, na watazamaji humshangilia kwa makelele. Kabla ya kumaliza mzunguko wa pili miguu yake huwa mizito, pumzi humwishia, na wale aliowaacha humpita mmoja mmoja. Ndipo watu husema, "Hana moyo huyu." Hukumu hiyo si ya haki. Moyo anao; alichokosa ni kipimo. Nao waliomshangilia mwanzoni wana sehemu yao katika kosa lake, kwa kuwa walimsifu kabla ya wakati wa sifa.

Sababu ya kuchoka kwake ni wazi. Mtu akienda kwa mwendo awezao kuuvumilia, moyo na mapafu huipatia misuli hewa ya kuitosha. Akivuka kipimo hicho, misuli hufanya kazi kwa deni, na deni hilo hudaiwa kabla mbio hazijaisha. Ni kama taa ya chemli: ukipandisha utambi kupita kiasi, mafuta huisha kabla ya alfajiri. Majini hasara huzidi, maana maji ni mazito kuliko hewa. Mwogeleaji azidishaye mwendo wake mara mbili, maji humzuia yapata mara nne ya kwanza.

Mashujaa wa michezo walilijua jambo hili. Mwaka 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Bobby Finke wa Marekani alishindana katika kuogelea meta 800. Zilipobaki meta 50 alikuwa wa nne. Lakini alikuwa ameweka akiba, akaogelea sehemu hiyo ya mwisho kwa sekunde 26.39, akawapita wote watatu na kupata dhahabu. Tarehe 8 Oktoba 2023, mjini Chicago, marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia nusu ya kwanza ya marathoni kwa dakika 60 na sekunde 48, na nusu ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Nusu ya pili, ambayo wengi huimaliza kwa kujikokota, yeye aliikimbia upesi kuliko ya kwanza, akaweka rekodi ya dunia ya saa 2 na sekunde 35.

Labda mwanafunzi hodari atauliza, "Na Filbert Bayi wa Tanzania je?" Swali hilo ni jema. Mwaka 1974, mjini Christchurch katika New Zealand, Bayi alishika uongozi wa mbio za meta 1,500 tangu mwanzo, asiuachie hata mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Kadhalika David Rudisha wa Kenya, katika Olimpiki ya London mwaka 2012, aliongoza meta 800 zote. Mzunguko wa kwanza aliukimbia kwa sekunde 49.28, na wa pili kwa sekunde 51.63. Walakini watu hao hawakukimbia ovyo. Kila mmoja alikwisha kujipima mazoezini siku nyingi, akajua ni kiasi gani cha nguvu atumie mwanzoni, na ni kiasi gani kitamfikisha mwisho. Basi kanuni si kwamba kila mtu aanze polepole. Kanuni ni kwamba kila mtu ajue kipimo chake na urefu wa safari yake. Asiyejua hayo, hata akiwa na mbio za swala, atakumbuka neno la wazee: mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kwa hiyo yafaa shule zifundishe kipimo kama zifundishavyo hesabu. Watoto wakimbie mzunguko mmoja mara nne, saa ikitazamwa, na asifiwe yule ambaye mizunguko yake imelingana, hata kama hakuwa wa kwanza.

Tena jambo hili lapita zawadi na vikombe. Mkimbiaji aliyechoka huketi chini ya mti, akapumzika. Mwogeleaji aliyechoka hana mahali pa kuketi. Kijana wa pwani au wa ziwani ashindanaye na wenzake kuifikia mashua iliyotia nanga mbali, akitumia nguvu zake zote katika kwenda, atarudi kwa nguvu gani? Nguvu za kurudi si zake kuzitumia katika kwenda. Anayejua hivyo, akageuka mapema huku wenzake wakimcheka, asiitwe mwoga. Huyo amejifunza hesabu iliyo muhimu kuliko zote, naye jioni atakula chakula nyumbani kwa mama yake.