Kisangani: bei ya gari dogo la mizigo haimaliziki kwa muuzaji

Kila asubuhi, mihogo, mchele na makaa vinaingia Kisangani kwa njia ya Bafwasende na ya Banalia, vingi vikiwa juu ya pikipiki na baiskeli za toleka. Mwenye biashara akikua kidogo, anaanza kuota gari lake. Mara nyingi feza zenyewe zimetoka katika likelemba, au familia imeuza kiwanja. Akikosea kuchagua, miaka mingi ya jasho inapotea kwenye garaji.

Kosa linaanza na swali la kwanza: «Ni dola ngapi?» Sisi tunaona mnunuzi aulize pia: «Siku nitakapoliuza, nitapata ngapi?»

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Gari la kwanza linanunuliwa dola 6,000, na baada ya miaka 3 linauzwa 2,000. La pili linanunuliwa 9,000, na baada ya muda ule ule linauzwa 6,000. La bei ndogo limekula dola 4,000, la bei kubwa 3,000. Kwa mwezi, ni kama dola 111 kwa moja na 83 kwa jingine, na hapo hatujahesabu matengenezo. Tena dereva analeta franka za Congo kila jioni, lakini gari na vipuri vinauzwa kwa dola. Franka ikishuka, mwenye gari ndiye anaumia.

Ni nini basi kinacholinda bei ya kuuza tena? Kwanza, kazi inayofaa gari. Suzuki Every au Carry za Japani zina injini ya 660 cc, na kwao zinaruhusiwa kubeba kilo 350 tu. Kutoka soko kuu hadi Mangobo au Kabondo, zinatosha na hazinywi esansi nyingi. Lakini ukizipakia tani nzima kuelekea Bafwasende, unazivunja mwenyewe. Toyota HiAce ya mizigo inabeba karibu tani moja. Bei yake iko juu, lakini mafundi wanaijua na vipuri vyake vinapatikana.

Pili, injini. Injini mpya za mazuti zinasukuma mafuta kwa nguvu sana kupitia vitundu vidogo. Mazuti yenye maji au uchafu, yale ya kununua kwa Kadhafi pembeni ya barabara, yanaziharibu haraka. Injini za zamani zenye pampu ya kawaida zinavumilia zaidi. Usilipie nguvu ambayo mafuta ya hapa hayatailisha.

Tatu, volani. Congo tunatembea upande wa kuume, kwa hiyo volani inapaswa kuwa kushoto. Magari yanayopitia Mombasa na Uganda hadi Kasindi mara nyingi yana volani ya kuume. Yale ya Ulaya yanashukia Matadi, kisha yanapanda mto kutoka Kinshasa, safari ya karibu kilomita 1,700. Safari hiyo inaongeza bei, lakini gari la volani ya kushoto linaweza kuuzwa popote nchini.

Nne, makaratasi. Gari lisilo na hati ya duane na carte rose yenye namba ile ile iliyo kwenye chasi ni gari la nusu bei, hata kama linang'aa. Kila kizuizi barabarani kitalikumbusha dereva wako jambo hilo. Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Angalia pedali, viti na chini ya gari, na uende na fundi wako, si yule wa muuzaji.

Lakini mnunuzi peke yake hawezi yote. Mvua hapa inanyesha karibu mwaka mzima, na barabara ya taifa namba 4, karibu kilomita 700 hadi Bunia, inazeesha gari kabla ya wakati wake, bila kusema usalama mdogo upande wa Mambasa na Komanda. Kila anayenunua mafuta kwenye pompi anachangia mfuko wa FONER kwa matengenezo ya barabara. Ana haki ya kuuliza kazi iko wapi. Ofisi ya Barabara na jimbo la Tshopo watangaze wazi sehemu gani inatengenezwa, lini na kwa feza ngapi.

Na wauzaji wa magari mjini walazimishwe kumupa mnunuzi karatasi moja iliyosainiwa: mwaka wa gari, namba ya chasi, injini, na kodi zilizolipwa. Karatasi hiyo haigharimu kitu. Mama aliyeuza kiwanja chake anastahili angalau hiyo kabla ya kuhesabu dola zake.