Pambizo za Msimbo: Kazi Inayomsubiri Mwanafunzi wa Kiswahili

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Sisi tuliolelewa Malindi tulisimuliwa kisa hicho tungali watoto, tukakipokea kwa fahari. Hata hivyo, mtu akitafakari atabaini kwamba Kiswahili kiliishia jinani. Walioiunda na kuirusha walikuwa wataalamu wa Marekani na Italia, na kazi yao haikuhitaji neno jingine lolote la lugha yetu.

Kisa hicho hunijia akilini kila nitazamapo programu za tarakilishi zinazotungwa nchini mwetu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, kufuatia machafuko ya baada ya uchaguzi, Wakenya walibuni programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi kuhusu ghasia, wakaiita Ushahidi. Jina hilo limeenea ulimwenguni. Lakini atakayefungua msimbo wake atakuta umeandikwa kwa Kiingereza. Mlango una nakshi za Kiswahili, ila ndani ya nyumba huzungumzwa lugha nyingine. Katika makala haya ninanuia kueleza kwamba ndani humo mna kazi ya lugha ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeipuuza, na kwamba kupuuza kwetu kuna hasara.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtungaji wa programu, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Ndani ya msimbo huo mna mistari ambayo tarakilishi huiruka bila kuitekeleza. Mistari hiyo ni maelezo, na huandikwa kwa ajili ya binadamu mwenzake mtungaji atakayekuja baadaye. Watu wa pwani hawana haja ya kufunzwa jambo hili kwa mbali. Wanazuoni wetu walioandika kwa hati za Kiarabu walizoea kuweka maelezo pambizoni, ili msomaji wa kizazi kingine asipotee. Maelezo ya msimbo ni pambizo za zama zetu. Katika miradi huria iliyopangika, hakuna kazi inayopokewa kabla ya mwenzako kuihakiki, na uhakiki huo hutazama mambo mawili: iwapo msimbo unafanya kazi, na iwapo umeandikwa kwa mtindo na maelezo yanayoeleweka. Jambo la pili, wapenzi wasomaji, ni taaluma yetu.

Mimi mwenyewe sikulijua hilo hadi nilipoalikwa na wenzangu wa masomo ya tarakilishi kusaidia programu ndogo huria ya kuweka kumbukumbu za samaki wanaoletwa dikoni. Niliitwa nitafsiri maneno ya kwenye vibonye tu: hifadhi, futa, endelea. Nilipoufungua msimbo nikaona mengine.

Nilikuta mstari mmoja unaoongeza 6 kwenye saa iliyoandikwa na karani. Kando yake palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "rekebisha saa". Basi. Karani wa dikoni, kama mama yangu na kama yako, husema saa mbili asubuhi akikusudia saa ambayo Mzungu huiita nane. Huandika 2, na programu huongeza 6 ili ipatikane 08:00. Mtungaji wa kwanza alijua hivyo, lakini hakusema. Mtungaji aliyemfuatia alisoma "rekebisha saa", akadhani ni tofauti kati ya saa za Kenya na saa za kimataifa, ambayo ni saa tatu, akaibadilisha 6 kuwa 3. Tangu siku hiyo, ngalawa zilizotia nanga saa mbili asubuhi ziliandikwa kuwa zimefika 05:00, alfajiri, na hakuna aliyeshtuka kwa majuma kadhaa. Msimbo haukuwa na kosa la hesabu. Kilichokosekana ni sentensi moja: "Karani huandika saa ya Kiswahili, saa mbili asubuhi ni 08:00, hii si tofauti ya saa za kimataifa."

Mahali pengine neno bamvua lilikuwa limeelezwa kwa Kiingereza kuwa "maji makubwa". Mvuvi wa Malindi ajua kwamba bamvua ni kipindi cha mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kupwa sana, kinyume cha maji mafu. Aliyesoma "maji makubwa" angeweza kufikiria mafuriko. Kusi na kaskazi vilikuwa vimegeuzwa kuwa "upepo wa kusini" na "upepo wa kaskazini", ilhali kwetu hayo ni majina ya misimu inayoamua nani atakwenda baharini na nani atavuta chombo pwani kukitengeneza. Maana ya mambo ya pwani ilikuwa imepelekwa kwenye lugha isiyokuwa na nafasi yake, ikarudi imekonda.

Lakini lililoniuma zaidi halikuwa neno. Miongoni mwetu alikuwamo mwanafunzi mmoja kutoka bara ya Kilifi, ambaye Kigiriama ndiyo lugha yake ya kwanza, Kiswahili ya pili na Kiingereza ya tatu. Msimbo wake ulikuwa safi kuliko wa wengi. Maelezo yake kwa Kiingereza yalikuwa na kasoro za sarufi, na kazi yake ikarejeshwa mara tatu kwa sababu hiyo, mara ya mwisho ikiwa na dhihaka. Nakiri kwamba nami nilicheka. Baada ya hapo aliandika msimbo bila maelezo yoyote, na muda si muda akaacha kuleta kazi. Aliyenyamazishwa hakuwa mjinga wa fani yake. Tulimpima kwa kipimo kisichokuwa cha fani hiyo, tukampoteza, na programu ikampoteza mtu pekee aliyeielewa sehemu ya mizani.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni zito. Mwongozo wa mtindo wa lugha ya Python, ujulikanao kama PEP 8 na uliotolewa mwaka 2001, unawaomba watungaji wa nchi zisizozungumza Kiingereza waandike maelezo kwa Kiingereza, isipokuwa wawe na hakika kamili kupita kiasi kwamba msimbo hautasomwa na watu wasiojua lugha yao. Hoja yake ni ya haki: programu huria ni mali ya ulimwengu, na lugha ya wengi hufungua milango.

Historia inaipa hoja hiyo nguvu, tena katika programu inayotuhusu. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice.org. Ilikuwa hatua ya kujivunia: mtu aliweza kuandika barua akiongozwa na menyu za lugha yake. Ila programu hiyo ilikuwa na asili ya Ujerumani. Ilianza kama StarOffice ya kampuni ya Star Division, ikanunuliwa na Sun mwaka 1999, na msimbo wake ukafunguliwa mwaka 2000. Kwa hiyo, nyuma ya menyu za Kiswahili mlikuwa na maelfu ya mistari ya maelezo ya Kijerumani. Mradi wa LibreOffice ulipotokana na programu hiyo mwaka 2010, waliojitolea walilazimika kuyatafsiri maelezo hayo kwa Kiingereza, kazi iliyochukua miaka.

Wapo watakaosema: hayo ndiyo malipo ya kuandika kwa lugha ya kwenu. Mimi nasoma funzo jingine. Wajerumani waliandika kwa Kijerumani walipokuwa wakijenga, kwa kuwa ndiyo lugha waliyoifikiria, na programu yao ilikua hadi ikaufaa ulimwengu. Ulimwengu ulipoihitaji, tafsiri ilifanyika. Pangekuwa na hasara kubwa zaidi kama wangeandika Kiingereza kibovu, au wasingeandika kitu, kwani pambizo tupu haitafsiriki. Isitoshe, mwongozo ule ule wa Python unaonya kwamba maelezo yanayopingana na msimbo ni mabaya kuliko kutokuwa na maelezo. Maelezo yetu kuhusu saa yalikuwa ya Kiingereza sahihi kabisa kisarufi, na yalipotosha.

Msimamo wangu, basi, si kwamba kila programu itungwayo Kenya iandikwe maelezo ya Kiswahili. Mwenye kuchangia mradi wa kimataifa na afuate kanuni za wenyeji wake. Mgeni hapangi viti. Nasema lugha ya maelezo imfuate msomaji wake. Programu inayotungwa Kilifi, itumike Kilifi, irekebishwe na vijana wa Kilifi, haina sababu ya kujieleza kwa lugha ya tatu ya watungaji wake. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Itakuwa ajabu lugha iliyoruhusiwa kuandikiwa sheria ikaonekana haifai kuandikiwa maelezo ya saa.

Hata hivyo, haki hiyo haina maana bila kazi. Maelezo mabovu ya Kiswahili ni mabovu sawasawa na ya Kiingereza. Nimeshaona mtu anayeandika "ongeza moja" kando ya mstari unaoongeza moja; huyo hakumwambia msomaji lolote. Nimeona "ss hii ni ya kuchek bei", lugha ya ujumbe wa simu, ambayo mwandishi mwenyewe hataielewa mwakani. Nimeona msimbo mmoja ukitumia mvuvi, mvuaji na msamaki kwa maana moja. Hapa ndipo mhakiki wa lugha anapohitajika, na napendekeza ashike mambo manne. Kwanza, maelezo yaseme kwa nini, kwa kuwa msimbo wenyewe unasema nini. Pili, neno moja lishike maana moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na maneno ya mahali kama bamvua, kusi na diko yawekewe faharasa yenye fasili. Tatu, anayebadilisha msimbo abadilishe na maelezo yake papo hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nne, mhakiki asahihishe sentensi, asimguse mtu. Kazi ikiwa njema na lugha ina dosari, aipokee kazi na aandike upya sentensi pamoja na mwenyewe.

Kwa chama chetu, hatua ya kwanza si ngumu. Tumezoea kuandaa makongamano kuhusu istilahi, tukabishana iwapo kifaa kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, kisha tukatawanyika. Ubishi huo si bure, lakini istilahi hukomaa inapotumika, na hakuna mahali inapopimwa kwa ukali kama katika msimbo, ambamo neno lenye utata huleta hesabu yenye kosa. Kila tawi na litafute mradi mmoja huria wa wanafunzi wa chuo chake, lijitolee kuhakiki maelezo yake kwa muhula mmoja, na liweke faharasa ya maneno litakayoyakuta. Wahadhiri wetu nao waione kazi hiyo kuwa inastahili alama, kama wanavyouona uhakiki wa riwaya au diwani. Tumefunzwa kuuliza matini imeandikwa na nani, kwa ajili ya nani, na kwa nini. Maswali hayo hayo yanaufaa msimbo.

Programu yetu ya samaki ingali ndogo. Mstari wa saa sasa una sentensi yake ya Kiswahili, na tangu tuiandike hakuna aliyeigusa ile 6. Mwenzetu wa kutoka bara tulimwendea kumwomba radhi. Alitusikiliza kwa adabu, akatueleza jinsi mizani inavyofanya kazi ili tuyaandike maelezo yake, lakini hakurudi. Sehemu yake ya msimbo ina maelezo mazuri leo. Ingekuwa na mwenyewe pia, lau tungemsoma kabla ya kumcheka.