Manowari Barazani, Mtepe Kaburini



Baada ya kumshukuru Allah na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), tunawaamkia wazazi wa hapa Kudhaa, wa Chula, Koyama na Kismayo, na nyinyi mliotawanyika Mombasa, Lamu na Ulaya. Leo tuna neno ambalo huenda baadhi yenu lisiwapendeze. Tumelikalia kwa muda, lakini mwalimu akinyamaza huhesabiwa kuwa amekubali.

Likizo ya chuo iliyopita, nyumba moja hapa kisiwani ilipata zawadi kutoka kwa jamaa aliye Ulaya: sanduku la vipande vya plastiki vya kujengea mfano wa manowari ya kubeba ndege, ile aina ya Kimarekani iitwayo Nimitz. Vijana watatu wa chuo chetu walikaa nayo barazani karibu mwezi mzima. Walikata vipande kwa wembe, wakavisugua kwa msasa, wakavigandisha kwa gundi, wakapaka rangi kwa brashi nyembamba kama ukili. Meli yenyewe ina urefu wa mita 333 hivi. Mfano wao ni wa 1 kwa 700, kwa hiyo ulitoka kama sentimita 47 na nusu. Walipomaliza, mmoja wao alitueleza pasi na kusita: mitambo minne ya kurushia ndege, nyaya za kuinasa ndege inapotua, lifti nne za kupandishia ndege kutoka ghala la chini, na vinu viwili vya nyuklia vya kuisukuma.

Kazi ilikuwa safi, na sisi tulifurahi, hatufichi. Lakini mji uligawanyika.

Waliosema haramu

Kundi la kwanza walisema ni haramu, ni sanamu, ivunjwe. Mzee mmoja alitujia baada ya Alasiri akataka tutoe fatwa pale pale. Tulimjibu kwa adabu, na hapa tunarudia ili wote wasikie. Chombo hakina roho. Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu aliyekuwa akila kwa kazi ya kuchora, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Na Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake wa kuchezea, na miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa, Mtume (s.a.w.) alimuuliza habari zake, akajibiwa, akacheka hadi magego yake yakaonekana. Sasa nani amewapa nyinyi ukali ambao Mtume hakuwa nao?

Tena kazi ya mkono ni sunna ya Mitume. Nabii Nuhu (a.s.) aliunda jahazi kwa amri ya Mola wake, na watu wake wakipita wakimcheka. Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Nabii Daud (a.s.) alikula jasho la mkono wake. Mnaovunja kazi ya kijana aliyekaa mwezi mzima akipima na kuunganisha, huku mkimwachia simu usiku kucha bila kumuuliza anaangalia nini, dini yenu hiyo mmeisoma kwa nani?

Waliosema ni mchezo tu

Kundi la pili walisema: waacheni, ni mchezo tu. Na hawa pia hatukubaliani nao, kwa sababu kitu ambacho mtoto amekijua kwa mikono yake kwa mwezi mzima si mchezo tena. Ni elimu. Na elimu huulizwa: ni ya nini, na ya nani?

Sisi tulio katika umri wa miaka arubaini tunazikumbuka meli hizi. Desemba 1992, wakati majeshi ya Marekani yalipoingia Somalia, manowari USS Ranger, nayo ya kubeba ndege, ilikuwa pwani hii. Tulikuwa watoto. Januari 2007 ililetwa nyingine, USS Dwight D. Eisenhower, ambayo ni ya aina hii hii ya Nimitz waliyoijenga vijana wetu, katika siku zile zile ambazo ndege za Marekani zilipiga upande wa Ras Kamboni, ardhi ya Wabajuni. Hatusemi haya ili kijana achukie kazi yake. Twasema kwa sababu hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeketi naye barazani akamwambia: mwanangu, chombo hiki unachokipaka rangi, mwenzake alipita mbele ya mlango wako. Alijifunza idadi ya lifti zake. Habari zake na sisi hakuambiwa.

Swali lililotuaibisha

Lakini hilo silo lililotufanya tuandike. Lililotufanya tuandike ni swali.

Jioni moja kijana mdogo kati ya wale watatu alituuliza: "Maalim, na sisi tulikuwa na chombo chetu kikubwa?" Tukamwambia: tulikuwa nacho, mtepe. Akauliza: "Kilikuwaje?" Tukasema kilishonwa kwa kamba, hakikuwa na msumari. Akauliza: "Kilishonwa vipi? Mbao kwanza, au mataruma kwanza?"

Tukanyamaza. Mtoto wa miaka kumi na mbili alituuliza jinsi babu zake walivyounda chombo, na sisi wenye vilemba, tunaomfundisha nahau na fiqhi, hatukuwa na jibu.

Tulikwenda kutafuta, na tuliyoyapata haya hapa. Mtepe uliundwa na kuendeshwa na watu wetu, Wabajuni na jirani zao wa Faza, Pate na Lamu. Mbao zilikuja kwanza. Ziliungwa ubavu kwa ubavu kwa vigingi vya mti, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na mataruma yakatiwa ndani baadaye na kufungwa kwa kamba. Tanga lilikuwa la mkeka, la pembe nne, si la pembe tatu kama la jahazi. Gubeti lake lilirefuka mbele kama shingo, na wazee walisema ni mfano wa kichwa cha ngamia wa Mtume (s.a.w.). Ulichukua boriti kutoka Lamu hadi Unguja. Ulivuja, na kila safari alikuwapo mtu wa kufua maji ya ngama. Lakini ukigonga mwamba ulinepa badala ya kupasuka. Kufika miaka ya 1930 mitepe ya mwisho ilikuwa inatoweka baharini.

Sasa sikilizeni kilichotuuma. Aliyeandika makala mashuhuri juu ya mtepe mwaka 1941 ni Mwingereza, James Hornell. Mwaka 1985 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, aliandika tasnifu nzima juu ya ujenzi wa chombo hiki cha kushonwa. Huko huko Marekani zinakoundwa manowari, kuna mtu aliyekaa akajiuliza swali la kijana wetu na kulijibu. Hatumlaumu, Allah amlipe kwa juhudi yake. Tunajilaumu sisi.

Na ulipotakiwa kuundwa upya mtepe wa kadiri yake kamili, pale Beit al-Ajaib, Unguja, mwaka 2003, hapakuwa tena na mtepe wa zamani wa kuutazama. Kilichokuwa kimebaki duniani ni picha, maandishi na mifano midogo. Fahamuni hapo, enyi mnaosema mfano ni upuuzi! Chombo kilikufa, mfano ukabaki, na kwa mfano elimu ikapata njia ya kurudi. Jengo lenyewe la Beit al-Ajaib liliporomoka upande mmoja Desemba 2020. Makumbusho nayo huanguka. Mkono wa mtoto aliyefundishwa huishi muda mrefu zaidi.

Waliosema yamepitwa na wakati

Litakuja kundi la tatu, nalo tunalijua. Watasema: Maalim, dunia ni ya injini na kompyuta, mtepe utamlisha nani? Tunawauliza: na manowari ya plastiki inamlisha nani? Kijana wenu hatajenga vinu vya nyuklia hapa Kudhaa. Alichofaidika nacho ni subira, kipimo, na kufuata kazi hadi mwisho, na faida hiyo hiyo ataipata katika mtepe, tena zaidi. Plastiki huja imeshakatwa, na karatasi inamwambia kipande namba tano kiende wapi. Mtepe atautafutia mti, ataukata, atautoboa kwa kekee, na akikosea kipimo atarudi mwanzo.

Na kuna jambo jingine ambalo nyinyi mlioko Ulaya mnalijua kuliko sisi. Tangu mwaka 1991 watu wetu wamefukuzwa, wamekimbia, wamegonga milango ya watu kuomba hifadhi. Na kwenye milango hiyo wameulizwa: kama wewe ni Mbajuni, sema Kibajuni, taja visiwa, eleza maisha ya kwenu. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa hukumu iliyogusa hasa jambo hili, Mbajuni na kujua Kibajuni. Sisi hatusemi mtoto ajifunze majina ya mkuku, fashini, taruma na foromali ili amjibu hakimu. Ajifunze kwa kuwa ni yake. Lakini ikiwa hakimu wa London anaona ni haki kumuuliza Mbajuni habari za kwao, vipi mzazi wake hajawahi kumuuliza?

Tunachotaka

Makosa ni yetu kwanza, sisi walimu. Kwa miaka tumewafahamisha watoto kwamba elimu iko kwenye msahafu na kitabu, na kwamba tezo na kekee ni za asiyesoma. Tulikosea. Fundi anayekalafati mashua ufukweni, na huku midomo yake inamtaja Allah, tulimpita kila siku bila kumwita aje chuoni.

Basi tumeazimia, na likizo ijayo tunaanza inshaallah. Tutajenga mfano wa mtepe, wa 1 kwa 20. Tukichukulia mtepe wa mita 20, mfano utakuwa wa mita moja. Hesabu ya kipimo wataifanya watoto wenyewe. Wale watatu wa manowari watakuwa viongozi, kwa sababu tayari wanajua maana ya 1 kwa 700. Na wameshatuambia kwamba mtepe ukijengwa kwa kipimo cha manowari yao utakuwa chini ya sentimita 3. Kamba ya makumbi watasokota wavulana. Tanga la mkeka watasuka wasichana pamoja na mama zao, maana bila mkono wa mwanamke mtepe haukupata tanga. Kila kipande kitaandikwa jina lake kwa Kibajuni, na mafundi wa mashua waliobaki tutawaomba wakae nasi barazani, wanywe kahawa, watusahihishe.

Nyinyi wa mbali, zawadi zenu zinapokelewa kwa shukrani. Ile manowari haitavunjwa. Itakaa kwenye rafu ya chuo. Lakini msanduku ujao tieni msasa, visu vizuri vya kuchongea na gundi ya mbao. Na kama mna picha ya babu zenu wakiwa kwenye chombo, itoeni kwenye begi mtuletee nakala. Na nyinyi wazee wa hapa, msingoje kuitwa. Kila mzee anayezikwa bila kuulizwa anakwenda na ubao mmoja wa mtepe, na mwisho wake hautabaki hata wa kuchongea mfano.

Tutaiweka mitepe na manowari kwenye rafu moja. Mtoto akiingia chuoni atatazama zote mbili, atauliza, na safari hii atajibiwa.

Allah atupe tawfiki, awarehemu waliotutangulia baharini na nchi kavu, na awarudishe waliotawanyika kwa kheri. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.