Uchovu Usioondolewa na Usingizi

Kuchoka si jambo baya. Mama aliyelima tangu alfajiri, akarudi na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, jioni huchoka kwa haki. Hula bukari yake, hulala, na asubuhi nguvu zimemrudia kama maji kisimani. Uchovu wa namna hiyo hauna haja ya mganga wala ya gazeti. Leo twataka kunena juu ya uchovu mwingine, ule unaoamka pamoja na mtu asubuhi, unaokaa naye miezi na miezi, na ambao usingizi hauuondoi.

Katika jamaa nyingi uchovu huo hauitwi ugonjwa. Mume husema: "Mke wangu amekuwa mvivu." Mama mkwe huongeza: "Nilikuonya, mwanangu, watu wa ukoo ule hawajui kazi." Jirani hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Na mke mwenyewe, akiyasikia hayo kila siku, hunyamaza; naye akinyamaza, wasema ana kiburi. Tazameni jinsi jambo lililoanza mwilini linavyoishia katika ugomvi. Mara nyingine njia ni ya kinyume: ugomvi ulitangulia, nguvu zikaisha baadaye. Si rahisi kujua kipi kilikuwa cha kwanza, na wengi hukosea kwa sababu huchagua jibu kabla ya kuuliza.

Tuanze na mwili, kwa maana ni kosa kubwa kumhubiria subira mtu aliyeishiwa damu. Mama aliyezaa mara nyingi bila kupumzika, mtoto mwenye safura, mtu mwenye malaria inayorudi-rudi, mwenye kifua kikuu, mwenye kisukari: wote huchoka, na mashauri mema ya wazee hayatawaongezea damu hata tone moja. Wapimwe kwanza.

Lakini ugonjwa unaotufundisha zaidi katika nchi yetu ya Kongo ni malale. Wengi hudhani mgonjwa wa malale ni mtu anayelala tu. Sivyo. Vidudu vinavyoletwa na mbung'o huweza kukaa mwilini miezi, hata miaka, kabla ya kuingia ubongoni. Navyo vikiisha kuingia, pengine jambo ambalo watu wa nyumbani huliona mapema ni tabia iliyogeuka. Baba mpole huwa mkali bila sababu. Mama mchangamfu hujitenga na wenzake. Usiku hakuna usingizi, mchana asinzia akiwa na tonge mkononi. Ni wake wangapi waliorudishwa kwa wazazi wao, ni waume wangapi waliodhaniwa kuwa na mwanamke wa pili, kumbe mkosaji alikuwa kidudu kisichoonekana kwa macho! Mwaka 1998 wagonjwa karibu 40,000 waliandikwa katika Afrika, sehemu kubwa wakiwa wa Kongo. Mwaka 2018 hawakufika 1,000. Tena siku hizi kuna vidonge vya fexinidazole, ambavyo wagonjwa wengi huvimeza kwa siku 10 nao wakapona. Basi, kabla ya kuita mkutano wa ukoo, mpelekeni mtu apimwe.

Sasa tuseme amepimwa, na mganga hakuona kitu. Hapo watu hucheka: "Kumbe hana ugonjwa." Neno hilo ni la haraka mno.

Moyo wenye huzuni, hofu au hasira ya siku nyingi huuchosha mwili kweli kweli, wala si kwa mfano tu. Mtu mwenye hofu, mwili wake wote huwa kama mlinzi asiyepokelewa zamu: moyo hupiga mbio, mishipa hukaza, usingizi huwa mwepesi. Akikaa hivyo mwaka mzima, atapata wapi nguvu za kuteka maji? Washona wa Zimbabwe huliita jambo hili kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, nasi pia twasema fulani ana mawazo mengi. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha wazee wa kike wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, waketi na wagonjwa wa namna hiyo katika benchi nje ya zahanati. Mzee hatoi dawa. Husikiliza, huuliza, kisha humsaidia mgonjwa kuchagua shida moja tu ya kuanzia. Wagonjwa 573 walichunguzwa, na habari zao zikachapishwa mwaka 2016: walioketi katika benchi walipata nafuu kuliko wale waliotunzwa kwa desturi ya kawaida.

Kuna pia wale ambao si huzuni inayowachosha. Mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free huko London, watu 292, karibu wote watumishi wa hospitali hiyo, walishikwa na maumivu na udhaifu wa ajabu, hata hospitali ikafungwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka 1970 waganga wawili walisoma karatasi za wagonjwa, pasipo kuwapima wenyewe, wakaandika kwamba ilikuwa hofu tu iliyoambukizana, na mojawapo la mashahidi wao lilikuwa kwamba wengi walikuwa wanawake. (Mama mkwe wetu wa hapo juu angewaelewa vizuri.) Mwaka 2015 kamati ya wataalamu wa Marekani ilitamka wazi kwamba uchovu wa namna hii ni ugonjwa wa mwili. Alama yake ni hii: umepita miezi 6, usingizi hauburudishi, na kazi ndogo humwangusha mtu baadaye, leo afua nguo za watoto, kesho na kesho kutwa hawezi kuinuka. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Kumlazimisha ajikaze huweza kumdhuru. Mwaka 2021 wakuu wa matibabu wa Uingereza waliuacha ushauri wao wa zamani wa kumwongezea mgonjwa mazoezi hatua kwa hatua. Huyo apewe kazi kwa kipimo, apumzike kabla ya kuchoka, na zaidi ya yote asadikiwe. Kutosadikiwa na mwenzi wa kitanda kimoja ni mzigo wa pili juu ya wa kwanza.

Msidhani ninyi waume kwamba habari hii ni ya wake zenu tu. Yupo mwanamume ambaye kazini ni hodari, njiani acheka na rafiki zake, lakini akishika mlango wa nyumba yake nguvu zote humtoka. Hula kimya, akalala. Hasemi uongo, amechoka kweli. Lakini uchovu unaomngoja mtu mlangoni wataka kuulizwa: kuna deni ambalo hakumwambia mkewe? Kuna neno lililosemwa juu ya jamaa yake ambalo hajalisamehe? Bwana wa namna hiyo hupenda kununua vitamini sokoni. Falanga zake zingefaa zaidi kwa sukari na chai, ili aketi na mkewe jioni moja, watoto wakiisha kulala.

Na kwa nyumba ambayo haijui uchovu wake ni wa namna gani, chukueni daftari la shule la mwaka jana lenye kurasa tupu mwishoni. Kwa majuma mawili andikeni kila jioni: amelala saa ngapi, amefanya kazi gani, kesho yake alikuwaje, na maneno gani yalisemwa nyumbani siku ile. Mume aandike naye, kwa mkono wake mwenyewe, asimwachie mke. Kisha nendeni nalo zahanati wawili pamoja, na mume asijibu maswali ambayo muuguzi amemwuliza mke.