Achaneni na Masikio ya Sungura

Wiki iliyopita niliweka video ya sungura wangu akiingia mwenyewe kwenye karai lake kukojoa. Komenti zikafurika. Nusu yenu mlicheka, nusu mkasema ni uongo, ati sungura hafunziki, sungura ni mjinga. Sawa, leo tuongee, kwa sababu huo ujinga naona ni wetu.

Nimekulia Othaya. Kila kijana alikuwa na sungura. Unaokota mbao, unaiba misumari ya guka, unapata kizimba. Jioni unatumwa mukengeria kando ya shamba. Na wote, watoto kwa wazee, tulimbeba sungura kwa njia moja tu: masikio.

Nikiwa darasa la sita nilimnyanyua wangu hivyo kumwonyesha binamu yangu. Akarusha teke, kukasikika kama kijiti kimevunjika. Miguu ya nyuma haikusimama tena. Guka alimmaliza jioni hiyo hiyo, nikaambiwa alikuwa dhaifu, na nisililie nyama. Nikaamini hiyo stori ya udhaifu miaka mingi sana.

Hakuwa dhaifu. Misuli ya miguu ya nyuma ya sungura ina nguvu kuliko mifupa yake, kwa hivyo akipiga teke hewani bila kushikiliwa huko nyuma, anaweza kuvunja uti wake mwenyewe. Na masikio si mpini jameni. Ni ngozi nyembamba yenye mishipa mingi ya damu, anayatumia kupunguza joto la mwili.

Halafu fikiria yeye anaona nini. Huyu ni mnyama wa kuwindwa. Kitu kikimshukia kutoka juu na kumnyanyua, kwake huyo ni mwewe. Unamfanyia hivyo kila siku, halafu unashangaa anajificha kwenye kona, anauma, anakojoa ovyo. Hapo ndipo unasema hafunziki?

Wangu naishi naye kwa bedsita hapa King'ong'o. Siku za kwanza sikumgusa. Nilikaa tu sakafuni na simu yangu, yeye akizunguka kunikagua. Sungura huwa anajichagulia kona yake ya kukojoa, basi nikaweka karai pale pale, gazeti chini, nyasi kavu upande mmoja, kwa sababu anapenda kutafuna akijisaidia. Akikojoa nje, nafuta kwa karatasi na kuitia hiyo karatasi ndani ya karai ili anuse. Akiingia, anapata kipande cha karoti, saizi ya ukucha. Karoti kwake ni peremende, si chakula. Chakula ni nyasi, usiku na mchana, kwa sababu meno yake hayaachi kukua, na tumbo likisimama hata siku moja anaweza kufa. Hiyo kabichi ya mama mboga mnayomjazia, punguzeni. Baridi ya Julai yeye anaivumilia kuliko wewe. Kinachomuua ni unyevu na upepo wa moja kwa moja.

Kumbeba: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mlaze kifuani kwako. Imeisha.

Najua mtaniambia, "Mimi niko na sungura hamsini, hao si wa kuchezewa." Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watu wengi hapa waliambiwa sungura ni utajiri, nyama yake, hadi mkojo wa kunyunyizia mboga. Soko likakosekana, wengine wakabaki na vizimba tupu. Sijasema msile sungura, hata mimi nimekula. Lakini kutumia mikono miwili hakukuongezei hata sekunde kumi. Na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haijasema mnyama wa kuchinjwa anaruhusiwa kuteswa kwanza.

Wale wananikera zaidi ni wenzangu wa kutengeneza video. Mnafundisha ufugaji huku mmemning'iniza dume kwa masikio, mnatabasamu, mnauliza nani anataka kununua. Kuna mtoto Mukurwe-ini anawaangalia.

Mimi pia nilikuwa na moja ya hizo, ya zamani, nimemshika dume la jirani vivyo hivyo nikicheka. Ndiyo ilikuwa na watazamaji wengi kuliko video zangu zote. Nimeifuta leo asubuhi.