Motokaa ya Shamba si Fahari



Wako wenzetu wakaao mjini wasemao kwamba mtumishi wa Serikali aliyepangwa shamba, akikopa fedha anunue motokaa, amepotezwa na majivuno. Maneno hayo hayana haki, na yafaa yajibiwe.

Gharama hatuzikatai. Njia za udongo hula magurudumu na springi. Mafuta huzidi bei kadiri mtu akaavyo mbali na bandari. Na fundi hodari hapatikani ila makao makuu ya wilaya. Tena, mwaka 2017 Serikali ya Tanzania iliifuta ada ya magari ya kila mwaka, ikaongeza shilingi 40 katika kila lita ya mafuta. Tangu hapo asafiriye mbali ndiye alipaye zaidi. Ajabu gani basi, mtu atoaye kodi nyingi katika njia iliyo mbovu aitwe mpenda anasa!

Wenzetu huhesabu gharama ya kuwa na motokaa, wala hawahesabu gharama ya kuikosa. Aliyeko Dar es Salaam, daladala ikimpita, huingoja nyingine. Lakini toka Nangurukuru hata Liwale ni yapata kilomita 230. Katika safari kama hiyo, aliyekosa basi la asubuhi amekosa siku nzima. Mwalimu aitwaye wilayani kwa shauri la saa moja huliacha darasa lake siku mbili.

Watasema, "Je, bodaboda haziko?" Ziko, nasi twazishukuru. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa, usiku, katika mvua ya masika, hawezi kulazwa juu ya pikipiki. Gari la wagonjwa la wilaya ni la vijiji vingi, wala haliwezi kuwa pahali pawili kwa wakati mmoja. Basi hodi hupigwa kwa mwenye motokaa, awe mwalimu au bwana shamba, naye hawezi kujibu kwamba mafuta ni ghali.

Nguo ya kuazima haisitiri. Siku vijiji vitakapopata mabasi ya hakika, na barabara zipitikazo masika na kiangazi, tutaziuza motokaa zetu kwa furaha. Mpaka siku hiyo twaomba mambo mawili: wapangao posho wahesabu umbali wa kituo cha mtumishi, na wenzetu wa mjini, kabla ya kutucheka, wakubali uhamisho wa mwaka mmoja tu.